"Fire" haiko moto tu

Mwezi wa pili, wakati mvua ya hapa Kolwezi inanyesha karibu kila mchana, nilienda hospitali kumwona kijana mmoja wa ekipe yetu. Jina lake sitalitaja, na kampuni pia itabaki bila jina, maana jambo hili halijakwisha. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya gipsi mpaka juu ya goti. Mama yake aliketi pembeni ya kitanda, bukari imepoa ndani ya sahani yenye kufunikwa. Juu ya meza ndogo kulikuwa karatasi moja, ile ambayo sisi wafanyakazi tunaijua hata kabla ya kuifungua: demande d'explication. Alipewa masaa 48 ya kujibu.

Kilichotokea ni kifupi. Bene ilizama mu matope. Wakafunga kabli ya chuma, bulidoza ikaanza kuvuta. Kabli ikanyooka, ikalia kidogo, halafu ikakatika, na kipande chake kikarudi kama fimbo. Kijana alikuwa amesimama akiangalia, kama wengine. Kilimpata chini ya goti.

Karatasi ilisema, kwa Kifaransa, kwamba hakuheshimu kanuni ya "line of fire", kanuni ambayo alifundishwa siku ya kuingia kazi na akaitilia sahihi. Maneno yale matatu yalibaki kwa Kiingereza katikati ya Kifaransa, kama jiwe ndani ya mchele.

"Papa Delege," akaniambia, "moto haikukuwa. Mi niliangaria mbele, nikaangaria nyuma. Moto hapana, tir hapana. Sasa banasema nilisimama mu moto gani?"

Hakuwa anatafuta uongo wa kujiokoa. Ile afishi iko ku atelie, herufi nyekundu, na kila asubuhi anapita mbele yake. Kusoma anajua. Shuleni walimwambia "fire" ni moto, na mwalimu hakukosea. Basi kanuni aliielewa hivi: usikae karibu na moto. Na kanuni hiyo aliifuata.

Siku iliyofuata, mu basi ya poste ya kwanza, nikauliza watu: "line of fire" ni nini? Wa kwanza akasema ni mahali pa extincteur. Mwingine akasema ni mstari ambao huwezi kuupita wakati wa tir, kwa sababu ya mawe yanayoruka. Huyo alikaribia. Mzee mmoja wa zamani ku Gécamines alicheka tu, akasema wakati wao mambo yote yalikuwa kwa Kifaransa na watu walikufa vilevile. Mama mmoja anayeendesha kamyo kubwa alijibu vizuri, lakini alikuwa amejifunza Zambia, upande wa Solwezi, ambako shangazi yake alimlea.

Nimekaa ku sindika miaka mingi, na mimi mwenyewe nilisoma mpaka sekondari tu. Nikaona aibu kidogo, maana nilijua maana ya kanuni ile lakini sikuwahi kuuliza kama wengine wanaijua. Njo maana naandika ukurasa huu. Nataka tuliangalie neno hili moja, "fire", kwa sababu linazunguka mu mine zetu kuliko mengine, na kila mahali linavaa nguo nyingine.

Tuanze na lile lililovunja mguu. "Line of fire" ni neno la askari. Ni ule mstari toka mdomo wa bunduki mpaka mahali risasi itafika. Ukisimama ndani ya mstari huo, unapigwa, hata kama yule mwenye bunduki hakukuchukia. Watu wa usalama wa kazi walilichukua neno hilo wakalitia ku viwanda, ku visima vya petroli na ku mine. Kwao bunduki ni kitu chochote chenye nguvu iliyofungwa ndani yake: kabli iliyovutwa, flexible ya mafuta yenye presha, tairi ya kamyo inayotiwa hewa, mzigo unaoning'inia ku grue, nyundo kubwa mkononi mwa mwenzako, mashine inayorudi nyuma. Risasi ni kile kitakachoruka nguvu hiyo ikifunguka. Swali la kujiuliza ni moja: kitu hiki kikikatika sasa hivi, kitapita wapi, na mimi nimesimama wapi?

Kwa kabli, jibu ni baya kuliko watu wanavyofikiri. Haikatiki na kuanguka chini. Inarudi kwa kasi, na inaweza kufagia pembeni pia, si kwenye mstari wake tu. Kwa hiyo hatua tano pembeni si usalama. Watu wote wanapaswa kuondoka mbali, mbali zaidi ya urefu wa kabli yenyewe, na anayebaki ni dreva ndani ya kabine yake yenye kukingwa. Kwa tairi, hatari iko mbele ya jante: ukitia hewa simama upande ambao tairi linakanyaga barabara, usikae uso kwa uso na jante, na tumia bomba refu. Kwa flexible, usipapase kwa mkono kutafuta pale inapovuja. Mafuta yenye presha kubwa yanaingia ndani ya ngozi kama sindano, tundu halionekani, na mkono unaweza kukatwa. Tafuta kwa kipande cha karto au cha mbao, na bora zaidi zima mashine kwanza.

Ndani ya haya yote hakuna hata cheche moja ya moto.

Moto uliingia kweli mu shimo

Sasa mtu atauliza: Waingereza walipata wapi kuita moto kitu ambacho si moto? Jibu liko ku bunduki za kale. Ilibidi kuziwasha kwa utambi wenye moto. Kupiga bunduki ilikuwa kutia moto, na neno likabaki hata utambi ulipokwisha. Wafaransa nao wanasema "feu!" mbele ya mtu anayepigwa risasi. Sisi wenyewe ku radio tunasikia "cessez-le-feu" kila mara, tunajua kwamba hakuna nyumba inayozimwa. Na Kiswahili cha vitabuni kinasema silaha za moto. Lakini mtaani tunasema kupiga bunduki, kupiga risasi, na risasi ni madini: ile plomb. Kwa hiyo usiwacheke sana Waingereza.

Ku mine neno lilikuja mapema. Kabla ya baruti, wachimbaji wa Ulaya waliwasha kuni zikiegemea ukuta wa jiwe, jiwe likapata joto likapasuka, mara nyingine wakalimwagia maji. Kongsberg, ku Norwe, waliendelea hivyo mpaka karne ya 19. Baruti iliingia mu mine kwa mara ya kwanza inayojulikana mwaka 1627 huko Schemnitz, mji ambao leo uko Slovakia. Walitoboa tundu, wakatia unga, wakatia utambi, wakawasha, wakakimbia. Utambi ulikuwa bua au unyoya wenye unga ndani, na hakuna aliyejua utawaka dakika moja au nukta tatu. Wengi walikufa wakikimbia. Mwaka 1831 William Bickford, wa Cornwall kule Uingereza, akatengeneza kamba yenye baruti katikati, inayowaka polepole kwa mwendo unaojulikana. Wazee wetu waliofanya tir kwa mèche wanalijua jina la Bickford, hata kama hawajui kwamba lilikuwa la mtu.

Hapo ndipo ilipozaliwa kelele ya "fire in the hole". Maana yake ya kwanza ilikuwa neno kwa neno: moto uko ndani ya tundu, utambi umeshawashwa, kimbia. Desturi ni kuiita mara tatu. Leo detonateur ni ya umeme au ya elektroniki, anayebonyeza yuko mbali, moto hauonekani, na bado mu radio za mine utasikia maneno yale yale. Askari wa Marekani waliyachukua kwa ajili ya grenade, na kutoka kwao yakaingia mu michezo ya kompyuta. Mtoto wa jirani yangu, miaka 11, anaita "fire in the hole!" akitupa ganda la ndizi. Hajawahi kuona mine. Baba yake aliniambia mara ya kwanza alipomsikia, saa mbili usiku, aliinama chini bila kufikiri, mkono juu ya kichwa kana kwamba yuko ku front. Mke wake alicheka mpaka majirani wakaja.

Anayefanya tir kwa Kiingereza cha Uingereza anaitwa "shotfirer". Kwa Kifaransa ni "boutefeu", na hili pia ni mtia moto. Kwa hiyo ukiona ku ubao "firing at 16:00", si kwamba watu watafukuzwa kazi saa kumi. Ni tir. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu aliyeuliza.

Halafu kuna ndugu wawili wabaya. "Misfire" ni raté: tundu lililotiwa dinamiti na halikulipuka. "Hangfire" ni mdogo wake, na yeye ni mbaya zaidi: tundu linalochelewa. Umebonyeza, umehesabu, kimya, unafikiri ni raté, unatembea kwenda kuangalia, na hapo linalipuka. Njo maana baada ya tir kuna muda wa kungoja, na hakuna shefu mwenye haki ya kuupunguza eti poste imechelewa. Njo maana pia hatutoboi ndani ya kitako cha tundu la zamani, hata kama linaonekana tupu na linarahisisha kazi. Wako waliokufa kwa kufanya hivyo.

Ajabu ni kwamba ku ofisi Waingereza wanatumia "hang fire" kwa utulivu kabisa. Kwao maana yake ni kungoja, kuacha jambo kwanza. Niliwahi kusoma ndani ya barua moja kwamba mambo ya prime "will hang fire" mpaka robo ya mwaka inayofuata. Mwenzangu aliyejua kazi ya tir tu, asiyejua lugha ya ofisi, aliposikia nimelitafsiri akasema: "Basi iko vilevile. Italipuka ile siku tunafikiri imekufa." Sikupata la kuongeza.

Mtu wa moto

Ku mine za makaa neno hili lina historia ya kutisha. Ndani ya makaa kuna gesi ambayo Wafaransa wanaita grisou. Waingereza waliiita "firedamp", na ile "damp" ni neno la Kijerumani kwa mvuke: mvuke wa moto. Mu shaba na kobalti yetu adui mkubwa ni mawe yanayoanguka, maji na vumbi, lakini hadithi ya wenzetu inafaa kujulikana. Zamani, kabla ya poste kuingia, mtu mmoja alitangulia peke yake. Alivaa nguo nzito zilizoloweshwa maji, alitambaa kwa tumbo, mkononi fimbo ndefu yenye mshumaa ku ncha. Kazi yake ilikuwa kuilipua gesi ikiwa bado kidogo, ili isiue wengine baadaye. Wafaransa walimwita "pénitent", kwa sababu alifanana na mtu anayefanya kitubio. Waingereza walimwita "fireman".

Leo "fireman" ni mzima moto, yule wa gari jekundu. Wakati wa gari la moshi, "fireman" alikuwa yule anayetupa makaa ndani ya tanuri. Neno lile lile: mmoja anawasha gesi, mwingine analisha moto, mwingine anauzima. Ukipewa kazi ya "fireman" uliza kwanza ni yupi.

Tarehe 25 mwezi wa tano 1812, ku mine ya Felling, kaskazini ya Uingereza, gesi ile iliua watu 92, na ndani yao watoto wengi. Baada ya hapo Humphry Davy alitafuta taa, na mwaka 1815 akaipata: mwali umezungukwa na wavu mwembamba wa waya, hewa inaingia lakini mwali hautoki. Ku Marekani kukawa na "fire boss". Huyu hakuwa mkubwa wa kufukuza watu. Alikuwa anaingia mbele ya wote na taa yake, anapima gesi kila chumba, na pale alipopita anaandika kwa chaki tarehe na herufi za jina lake. Mfanyakazi akifika, anatafuta chaki ya leo. Hakuna chaki, haingii. Napenda sana jambo hilo. Mtu anatia jina lake ukutani kusema nimepima mimi, nikikosea mnajua nani wa kuuliza.

Kufukuzwa

Tufike kwenye ile ambayo kila mtu anaijua na kuiogopa. "You are fired." Umefukuzwa kazi. Hii ni ya Marekani, ya miaka ya 1880 hivi. Wenye kuchunguza maneno wanasema ilianza kama mchezo: kwa Kiingereza "discharge" ni kumwachisha mtu kazi, na pia ni kufyatua bunduki. Mtu akageuza: badala ya kusema wamekuachisha, akasema wamekufyatua. Unatoka mlangoni kama risasi. Waingereza wenyewe wana neno lao, wanasema mtu kapewa mfuko, kwa sababu fundi alikuwa anakuja na vyombo vyake ndani ya mfuko, na akifukuzwa anaondoka nao.

Kuna hadithi nyingine wanayopenda kuisimulia, kwamba "fired" ilitoka ku wachimbaji wa risasi wa milima ya Mendip, Uingereza. Kuwa ndiyo asili ya neno, hapana, miaka haikubaliani. Lakini sheria yenyewe ilikuwepo. Mchimbaji aliyeiba madini yanayofikia thamani ya peni 13 na nusu, walimchukua mpaka ku kibanda chake, wakamtia ndani pamoja na vyombo vyake vya kazi, wakawasha moto kuzunguka kibanda. Akitoka hai, haruhusiwi kuchimba tena ku milima ile maisha yake yote. Ndugu zangu creuseurs mnaolalamika juu ya walinzi na mbwa wao, mna haki ya kulalamika, ila mjue ukatili huu haukuanza na nyinyi.

Miaka ya karibu maneno haya yalipata nguvu kwa sababu ya televisheni. Tangu 2004 Donald Trump aliyasema kila wiki ndani ya "The Apprentice", kidole mbele, na mtu anachukua koti lake anaondoka. Vijana wengi wanaamini hivyo njo kazi inakwisha. Ku Marekani, karibu kila jimbo, kweli mwajiri anaweza kukuacha bila kutoa sababu. Neno linabeba sheria ya kwao ndani ya tumbo. Hapa kwetu sheria ni nyingine. Code du travail, loi 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inataka sababu halali, na inataka barua inayoitaja sababu hiyo. Mkubwa akikupigia kelele "fired!" mbele ya mashine, kelele hiyo si barua. Usiende nyumbani kwa hasira ukakaa siku tatu, maana hapo utampa sababu ambayo hakuwa nayo: abandon de poste. Baki, fanya kazi yako, tafuta delege wako. Na delege mwenyewe hafukuzwi bila mkaguzi wa kazi kukubali kwanza.

Nimeona mtu akinyamazishwa na neno hili bila mtu yeyote kutaka kumnyamazisha. Mkubwa mmoja mpya, ametoka nje ya inchi, alikuja kusikiliza wafanyakazi. Mwenzetu akainua mkono. Alikuwa na swali la masaa ya nyongeza ya Jumapili. Mkubwa akatabasamu, akamwambia: "Fire away!" Mwenzetu akakaa. Akaweka kaske juu ya magoti, akaangalia chini mpaka mwisho. Nje nikamuuliza: "Yaya, swali ya masaa iliishia wapi?" Akajibu: "Haukusikia? 'Fire', na 'away' ni mbali. Anataka kunifukuza mbali, tena anacheka." Masikini, maneno yale yanasema tu: haya, uliza, piga swali lako. Tulipoteza mwezi mzima kwa ajili ya hayo, na masaa yale watu waliyangoja.

Vijana wana "fire" yao nyingine, na hapa mimi ni mwanafunzi. Binti yangu aliyeko Lubumbashi akinitumia ku WhatsApp picha ya mwali, mara ya kwanza nilipiga simu kuuliza nini imeungua. Alikuwa amevaa robe mpya. Kwao "fire" ni kitu kizuri sana, wimbo, kiatu, bao la Mazembe. Msimamizi kijana anaweza kuiambia ekipe "you were fire today" akiwasifu, na nusu ya ekipe ikafikiri juu ya mkopo wa shule.

Wala tusijifanye lugha zetu ni nyoofu. Mtu wa Kinshasa akisema "moto" anaweza kumaanisha mutu. Akiinua sauti mwishoni ni kichwa. Akiitamka kwa njia nyingine tena ni moto ule wa kuunguza. Nimefanya kazi na watu wa Kinshasa, na siku moja ku chantier yule aliyeita "moto! moto!" alikuwa anasema kuna mtu chini ya kamyo, na sisi tukakimbia kutafuta extincteur. Mungu alisaidia, dreva alikuwa hajawasha mashine.

Wengine wananiambia: Papa, Kiingereza ni kitu kipya, kimekuja na hawa wa sasa, kitapita. Si kweli. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka Rhodesia. Union Minière, ya mwaka 1906, ilikuwa na feza ya Waingereza wa Tanganyika Concessions ndani yake, na mine ya Étoile iliitwa kwanza Star of the Congo. Babu zetu walipewa amri kwa Kiingereza kabla ya Kifaransa. Leo kimerudi, kwa sababu enjinia wa Afrika ya Kusini, wa Zambia, wa Australia na Mchina wanakutana humo. Wao kwa wao waongee wanavyotaka. Lakini kabli inakatika juu ya mtu wa Kapata au wa Musonoi, na huyo anaongea Kiswahili, lugha ambayo Constitution yetu inaitaja kati ya lugha nne za taifa.

Jibu la kijana tuliliandika pamoja palepale kitandani, nyuma ya kadi ya mgonjwa kwanza, halafu safi. Hatukusema kampuni ina roho mbaya. Tulisema: aliitilia sahihi kanuni ambayo hakuna mtu aliyemweleza kwa lugha anayoisikia, na tukaomba waonyeshe karatasi ya mafunzo kwa Kiswahili kama iko. Mpaka leo haijaonyeshwa. Na ile demande d'explication bado iko ndani ya dosye yake.

Tulipeleka jambo mu comité ya usalama na usafi. Walikubali afishi itafsiriwe, na hapo tukagundua kazi si rahisi. Mtu wa ofisi alileta "Mstari wa Moto", tukarudi tulikotoka. Mwingine akasema "Njia ya Hatari", lakini kila njia ya mine ni ya hatari. Yule mama wa kamyo kubwa, aliyekaa nyuma bila kusema, akainua mkono: "Andikeni hivi: Ikikatika, itapita wapi? Usisimame pale." Tukapiga kura, wote mikono juu. Tangu hapo wanatuambia afishi inangoja namba ya dokima kutoka ku makao makuu.

Kijana amerudi kazini, anatembea na gongo moja, wamemweka ku magazini ya vyombo. Wiki iliyopita alikuja na feutre nyeusi, akasimama mbele ya ile afishi ya herufi nyekundu, akaanza kuandika chini yake maneno ya yule mama, herufi kubwa kubwa. Wino ukakwisha kwenye "usisimame". Akaniambia atanunua nyingine ku soko, kesho anamaliza.